Shajara ya mradi: kufufua na kupanga upya mashine ya zamani ya efekti za gitaa

Jumamosi, 8 Februari 2025: hali ya mashine ilipopokelewa

Mashine ninayoishughulikia ni prosesa ya dijitali ya efekti za gitaa, ya kuwekwa sakafuni, yenye safu ya vitufe vya mguu na pedali moja ya kukanyagia upande wa kulia. Ni mali ya kundi letu la benga na rumba linalofanyia mazoezi Kariobangi, Nairobi, na kwa miaka mingi ilitumiwa na mzee aliyekuwa mpiga solo wetu kabla ya vidole kumlazimisha apumzike. Ni ya kizazi kilichotangulia USB: huwasiliana na vifaa vingine kwa MIDI pekee, yaani kanuni ya vyombo vya muziki vya kielektroniki kupashana data, na sauti zilizopangwa na mtumiaji, yaani pachi, huhifadhiwa katika kumbukumbu inayotegemea betri ndogo ya ndani. Chapa yake siitaji kwa sababu hatua nitakazoeleza zinafaa kwa mashine nyingi za aina hii.

Ilinifikia ikiwa haiwaki kabisa. Kisa chake kinajulikana: adapta yake ilipotea, na siku ya shughuli mtu akachomeka adapta ya kinanda iliyokuwa karibu. Hapo ndipo mashine nyingi za gitaa zinapoharibikia. Vinanda vingi vya Yamaha hutumia volti 12 na upande chanya uko katikati ya plagi, ilhali mashine nyingi za gitaa, kwa mpangilio uliozoeshwa na pedali za Boss, hutaka volti 9 na upande hasi uwe katikati. Plagi zenyewe huingiliana bila kipingamizi chochote, kwa hiyo kosa halionekani hadi moshi utoke au taa isiwake.

Mzee aliponikabidhi mashine alisema jambo moja tu: “Kijana wangu, ukizipoteza sauti zilizomo humo, hazirudi tena.” Nikamjibu, “Nimekusikia, mzee.” Jambo hilo ndilo lililopanga utaratibu wa kazi yote: hakuna kuirejesha mashine katika hali ya kiwandani na hakuna kugusa betri mpaka pachi zake ziwe zimenakiliwa mahali pengine.

Jumamosi, 15 Februari 2025: diodi iliyokufa ikiwalinda wenzake

Nilifungua kifuniko cha chini, nikaweka skrubu katika vikombe tofauti kwa sababu urefu wao haulingani, kisha nikapima ukinzani kati ya ncha mbili za tundu la umeme huku mashine ikiwa haijachomekwa popote. Maltimita, chombo cha kupimia umeme, ilisoma karibu sifuri. Usomaji wa namna hiyo una maana kwamba kitu fulani kimeunganisha chanya na hasi moja kwa moja, na mshukiwa wa kwanza huwa ni diodi ya ulinzi, kipande kinachopaswa kupitisha umeme upande mmoja tu.

Diodi hiyo huwekwa sambamba na njia ya umeme ikiwa imeelekea kinyume, ili umeme sahihi upite bila kuigusa. Umeme ukiingizwa kinyume, diodi hufunguka, huubeba mkondo wote, na mara nyingi huungua kwa kushikana ndani, jambo linalozuia umeme mbaya usifike kwenye chipu. Nilipoiondoa kwa kuyeyusha risasi yake ya kulehemia, ilipitisha mkondo pande zote mbili, na ukinzani wa tundu ukapanda mara moja hadi maelfu ya omu. Hiyo ilikuwa habari njema kuliko zote za mradi huu, kwa kuwa ilionyesha kwamba uharibifu ulikomea mlangoni.

Fundi mmoja alishauri mashine iendeshwe bila diodi kwa kuwa “inawaka hata hivyo”. Ni kweli ingewaka, lakini siku adapta ya kinanda itakapochomekwa tena, kitakachoungua si kipande cha shilingi kumi. Niliweka 1N4007, diodi inayopatikana katika karibu kila duka la vipuri Luthuli Avenue. Ile pete nyeupe ya diodi huelekea upande chanya. Kwa mashine yenye hasi katikati, chanya ni ule mzunguko wa nje wa plagi, kwa hiyo ni lazima kufuata njia za shaba ubaoni kabla ya kulehemu badala ya kudhani. Kioo kiliwaka na majina ya pachi za mzee yakajitokeza yote.

Jumamosi, 22 Februari 2025: adapta, na noti ya G

Kibandiko cha chini kinataka volti 9 za DC, yaani mkondo wa upande mmoja, na miliampia 800. Volti zinapaswa kulingana. Miliampia za adapta zinaweza kuzidi, kwa maana mashine huvuta kiasi inachohitaji tu. Tahadhari kwa atakayefuata kazi hii akiwa na mashine nyingine: zipo za zamani, mfano POD 2.0 ya Line 6, zinazotaka volti 9 za AC, yaani mkondo geu, na adapta ya DC haitaziwasha hata ikiwa na volti zilezile. Soma kibandiko chote, ukianza na alama ya mstari au wimbi iliyo kando ya volti.

Nilianza na adapta nzito ya transfoma, ya bei nafuu, iliyoandikwa volti 9. Bila mzigo ilisoma volti 13, jambo la kawaida kwa adapta isiyo na kidhibiti cha volti, na ilipobebeshwa mashine ikashuka karibu na 9. Mashine ilifanya kazi, lakini nyuma ya gitaa kulikuwa na mvumo usiokoma.

Hapa kuna kipimo kisichohitaji chombo chochote zaidi ya gitaa lililotiuniwa vizuri. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Mvumo unaoingia moja kwa moja kutoka nyaya za nyumba huwa na hezi hizo 50, karibu sana na G ya chini kabisa ya gitaa la besi, yenye hezi 49. Umeme ukishageuzwa kuwa DC kisha ukachujwa vibaya, mabaki yake huwa na hezi 100, karibu na G ya gitaa la kawaida katika uzi wa sita, freti ya tatu, yenye hezi 98. Nilipiga noti hiyo taratibu huku mvumo ukiendelea, na sauti mbili zikaanza kupanda na kushuka kwa pamoja mara mbili kwa kila sekunde, sawasawa na tofauti ya hezi mbili. Kwa hiyo kosa lilikuwa katika uchujaji wa adapta, na gitaa na waya wake vikaondolewa katika orodha ya washukiwa.

Jaribio la kuuzima mvumo huo kwa geti ya kelele iliyomo ndani ya mashine, inayokata sauti ikishuka chini ya kiwango fulani, halikufaa. Geti ilipopandishwa kiasi cha kunyamazisha mvumo, ilikata pia mikia ya noti, na katika benga, ambako gitaa la solo hujibizana na mwimbaji kwa noti fupi zinazofifia zenyewe, mikia hiyo ni sehemu ya usemi. Adapta iliyodhibitiwa, ya volti 9 na ampia 2, iliuondoa mvumo kabisa. Gharama yake ni shilingi 1,500, na nimeifunga utepe mwekundu wenye maandishi “GITAA TU”.

Jumamosi, 1 Machi 2025: kunakili pachi, jaribio lililoshindikana

MIDI ni kanuni ya mwaka 1983 na hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, kasi ndogo ambayo mtu angetarajia kila kifaa cha leo kiimudu. Nilinunua kebo ya bei nafuu ya kuunganisha MIDI na USB kwa shilingi 900, nikafungua programu ya MIDI-OX kwenye kompyuta, kisha nikaiamuru mashine itume pachi zote kwa mkupuo.

Faili lilipatikana, lakini nilipotuma tena, la pili halikulingana na la kwanza kwa ukubwa, na la tatu halikulingana na lolote. Data ya aina hii hutumwa kwa jumbe ambazo kila mmoja huanza na baiti F0 na kuishia na F7. Nilipozikagua, nikakuta jumbe zilizoanza bila kumalizika, nyingine zikiwa zimekatwa katikati na kuunganishwa na zilizofuata. Kebo nyingi za bei nafuu zina hifadhi ndogo mno ya muda: zinapitisha noti za kinanda bila taabu, lakini ujumbe mrefu ukija mfululizo zinamwaga baiti njiani. Kubadilisha tundu la USB hakukusaidia. Kutuma pachi mojamoja kulipunguza makosa bila kuyamaliza, na nakala yenye makosa machache ni ya hatari kuliko isiyokuwepo, maana mtu huiamini.

Suluhisho lilikuwa kuazima kiunganishi bora kutoka kwa rafiki mwenye studio ndogo Buruburu. Kwa kifaa hicho nakala mbili za mfululizo zililingana baiti kwa baiti, na hicho ndicho kigezo ninachokipendekeza: usiridhike na nakala moja, chukua mbili uzilinganishe. Pamoja na hayo, nilipiga picha za kioo kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, kwa pachi tatu ambazo kundi haliwezi kupanda jukwaani bila hizo.

Jumapili, 9 Machi 2025: betri ya kumbukumbu

Betri ni CR2032, ambayo ikiwa mpya hutoa volti 3 au zaidi kidogo. Hii ilisoma 2.4, na ni neema kwamba kumbukumbu ilikuwa bado imeshikilia.

Betri ya sarafu haipaswi kulehemiwa moja kwa moja, kwa sababu joto linaweza kuipasua. Nilitumia yenye masikio ya chuma yaliyounganishwa kiwandani, nikailehemu mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Kama ilivyotarajiwa, ilipowashwa majina ya pachi yalikuwa alama zisizosomeka. Baada ya kuirejesha katika hali ya kiwandani nilituma nakala kutoka kwenye kompyuta, na mashine ikakataa katikati ya kazi kwa ujumbe wa kujaa kwa hifadhi. Safari hii aliyezidiwa alikuwa mpokeaji, kwa kuwa mashine huhitaji muda wa kuandika kila pachi kabla ya kupokea inayofuata. Katika MIDI-OX kuna mahali pa kuweka subira baada ya kila F7. Nilipoweka milisekunde 200, pachi zote ziliingia, na nilipolinganisha zile tatu na picha za simu hazikutofautiana hata kwa thamani moja. Mzee alipelekewa habari kwa simu jioni hiyohiyo.

Jumamosi, 15 Machi 2025: vitufe na pedali

Vitufe viwili vilikuwa vinaruka, yaani mguu unakanyaga mara moja na mashine inasogea pachi mbili. Ndani yake kuna swichi ndogo za milimita 6 kwa 6 zenye miguu minne, ambazo huchakaa na kugusa mara mbili. Nilizibadilisha zote kwa pamoja. Miguu hiyo huunganishwa ndani kwa jozi, kwa hiyo swichi ikigeuzwa robo mzunguko mashine itadhani kitufe kimekanyagwa daima. Pima jozi kabla ya kulehemu. Pedali ilikuwa inakwaruza, na dawa ya kusafisha viunganishi vya umeme iliiponya. Mafuta ya bawaba yasitumike mahali pake, kwani huacha utando unaokusanya vumbi. Mwisho, pedali ilipimwa upya kwa menyu ya ndani, kisigino kisha vidole.

Jumamosi, 22 Machi 2025: mvumo mwingine, mahali pengine

Nyumbani mashine ilikuwa kimya kabisa. Katika chumba cha mazoezi ikavuma. Tulikuwa tumeiunganisha kwa amplifaya ya gitaa nyuma ya mpigaji na wakati huohuo kwa mixa iliyo upande wa pili wa chumba, na kila kimoja kilichukua umeme kutoka soketi yake.

Niliupima mvumo kwa utaratibu. Nilizigusa nyuzi kwa kiganja na mvumo haukupungua, kwa hiyo kinga ya gitaa haikuwa na hatia. Niligeuka huku na huku na gitaa kifuani, na haukubadilika, kwa hiyo pikapu, yaani vinasa-sauti vya gitaa, hazikuwa zinanasa transfoma iliyo karibu. Nilichomoa waya wa mixa, kukawa kimya. Nikaurudisha na kuchomoa wa amplifaya, kukawa kimya vilevile. Mvumo unaotokea viwili vinapounganishwa na kutoweka kimoja kinapoachwa ni mzunguko wa ethi, yaani waya wa usalama unaoshuka ardhini: vifaa viwili vimeunganishwa na ethi kupitia soketi, na mara ya pili kupitia ganda la waya wa sauti, na tofauti ndogo ya volti kati ya soketi husukuma mkondo katika ganda hilo.

Tulipojaribu kuchukua umeme wote kutoka soketi moja kwa waya wa kuongezea, mvumo ulibadilika sura badala ya kuisha, na hilo halikunipendeza. Nilifungua plagi ya waya huo. Ilikuwa ya pini tatu kama zote, lakini ndani yake kulikuwa na nyaya mbili tu, wa kahawia na wa buluu. Pale palipotakiwa waya wa kijani na njano palikuwa na skrubu isiyoshika kitu. Kwa hiyo amplifaya yenye ganda la chuma ilikuwa imefanya kazi bila ethi, na kama kingetokea hitilafu ndani yake, nyuzi za gitaa zingeweza kubeba volti 240 hadi kwenye vidole vya mpigaji anayegusa maikrofoni kwa mdomo. Waya huo ulikatwa vipande papo hapo ili asije mtu akautumia tena.

Wapo wanaomaliza mvumo kwa kuikata pini ya ethi ya amplifaya kimakusudi. Nawasihi wasifanye hivyo kamwe. Njia salama ni kuitenganisha sauti na kuiacha ethi ya umeme mahali pake: boksi la DI (la kupelekea sauti ya chombo kwenye mixa) lenye transfoma, likiwa na swichi ya kukata ganda la waya wa sauti peke yake. Tuliliweka kati ya mashine na mixa, pamoja na waya mpya wa kuongezea wenye nyaya tatu, na mvumo ukatoweka. Boksi liligharimu shilingi 2,800 na waya shilingi 1,200.

Jumamosi, 5 Aprili 2025: pale sauti inapotokea

Malalamiko ya kundi sasa yalikuwa kwamba gitaa katika spika kubwa za ukumbi linalia kama nyuki waliofungiwa mkebeni, ilhali katika amplifaya linasikika vizuri. Sababu ni ya kimaumbile. Spika ya gitaa ya inchi 12 hufifisha sana sauti zilizo juu ya takriban hezi 5,000, na masikio yetu yamezoea gitaa lililochujwa hivyo. Spika za ukumbi hutoa kila kitu. Ndiyo maana mashine hizi zina uigaji wa kabati ya spika, unaopaswa kuwashwa sauti inapokwenda kwenye mixa na kuzimwa inapoingia amplifaya ya gitaa, la sivyo mchujo unafanyika mara mbili na sauti inadidimia.

Mashine yetu ina mpangilio mmoja tu wa matokeo kwa milango yote miwili, kwa hiyo haiwezekani kuwasha upande mmoja na kuzima mwingine. Tulijaribu kuuacha uigaji ukiwa umezimwa na kupunguza sauti za juu kwa ekwalaiza ya mixa. Ilisaidia kiasi, lakini hata mwimbaji aliyeshiriki chaneli ya jirani alianza kulalamika kwa sababu vidole vya mtu wa mixa vilikuwa vinahangaika huko kila wimbo. Uamuzi wangu ni kuwasha uigaji na kuingiza mashine katika mlango wa nyuma wa amplifaya, ule wa kurudishia efekti, unaoruka sehemu ya kwanza ya amplifaya. Amplifaya inabaki kuwa msaada wa kumsikilizisha mpigaji, na wasikilizaji wanapata sauti ya mixa.

Jambo la pili ni viwango. Pachi mpya nilizokuwa nimezipanga nyumbani kwa sauti ya chini zilijaa besi kupita kiasi ukumbini. Watafiti wa usikivu Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio husikia besi hafifu zaidi sauti inapokuwa ndogo. Anayepanga kimyakimya huongeza besi ili kufidia, na ukumbini fidia hiyo inakuwa mzigo. Nilizipanga upya zote kwa sauti ya jukwaani, nikilinganisha kila moja na pachi safi ya mzee kwa kupiga mistari ileile. Kiwango cha kuingilia nilikishusha hadi taa ya kuzidi isiwake hata kwa mpigo mkali, kwa sababu mkato wa dijitali hauna utamu wowote wa amplifaya za zamani za valvu.

Jumamosi, 12 Aprili 2025: dilei, na hesabu ya gharama

Pachi ya rumba inatumia dilei, yaani mwangwi unaocheleweshwa, inayofuata mwendo wa wimbo. Hesabu yake ni 60,000 kugawanywa kwa mapigo ya dakika moja: kwa mapigo 120 pigo moja ni milisekunde 500, na robo tatu yake, inayopendeza katika sebene, sehemu ya rumba inayotawaliwa na gitaa, ni 375. Kwa mapigo 140 pigo ni 429 na robo tatu yake ni 321. Kwa benga nimejaribu thamani hizohizo nikaziacha, kwa maana noti zake zinakimbia na mwangwi mrefu unazifanya zikanyagane. Nilipofungua pachi ya mzee kuona yeye alifanyaje, nikakuta mwangwi mmoja tu wa milisekunde 95, mdogo kiasi kwamba hausikiki mpaka uuzime. Sijaigusa.

Gharama hadi sasa, kwa shilingi: adapta 1,500, diodi kumi 100, betri 250, swichi kumi 150, dawa ya kusafishia 650, kebo ya MIDI iliyoshindwa 900, boksi la DI 2,800 na waya wa kuongezea 1,200. Jumla ni 7,550, na anayefuata njia hii anaweza kuokoa zile 900 kwa kuazima kiunganishi bora tangu mwanzo.

Kilichobaki ni tundu la kuingizia gitaa, ambalo limeanza kulegea na kukata sauti waya unapotikiswa. Nimeagiza tundu la milimita 6.35 lenye miguu inayolingana na matundu ya ubao; nitaandika hapa likishafungwa na kupimwa kwa mazoezi ya wiki nzima.